Kabla Hujafika kwa Bi Pili

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Skuli tulifundishwa kwamba barua nzuri huanza kwa salamu, ikafuata hali, kisha kusudio. Salamu nimeshakupa. Hali yangu unaijua, maana leo asubuhi tumekunywa chai pamoja. Limebaki kusudio, na hilo ndilo linalonitia mashaka. Kalamu nimeishika tangu ulipotoka kwenda kuwaaga shangazi zako Mwembetanga, na sasa Alasiri imeshaadhiniwa.

Najua utacheka. Utasema, "Mama, nnakwenda Kizimkazi, si Ulaya. Barua ya nini?" Cheka tu. Kizimkazi ni hapa hapa Unguja, mtu huenda na kurudi siku moja. Lakini tangu uzaliwe hujakaa mwezi mzima nje ya nyumba hii, na lipo jambo moja ambalo lazima ulijue kabla hujaliweka begi lako chini kwa Bi Pili, huyo aliyekupa kazi ya kutembeza wageni. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza tulikuwa tunachagua mchele, ukaanza kuimba, nikaona haya kukukatiza. Mara ya pili akaingia mgeni. Mara ya tatu hakuingia mtu, wala hukuimba, ila mimi mwenyewe nilishindwa. Kwa hiyo nakuandikia, na nimejiahidi kwamba karatasi hii sitaichana.

Habari za nguo na chandarua nitaziacha. Hayo unayajua kuliko mimi. Miaka mitatu hii wewe ndiye uliyekuwa ukiniagiza mimi.

Nianze na eda. Baba yako alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikaa eda kama inavyopasa, miezi minne na siku kumi. Hilo silijutii. Nilikuwa sijui niufanye nini mwili wangu, na dini ikaniambia nikae. Nikakaa. Siku ya kutoka eda shangazi zako walikuja, nikakoga, wakanifukiza udi, nikavaa gauni jipya. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni chini, umenishikia viatu vyangu. Ukasema, "Mama, twende Forodhani tukanywe juisi ya miwa." Nikakujibu, "Kesho, mwanangu."

Kesho hiyo ilichukua karibu miaka miwili.

Hapa ndipo nilipokosea. Eda ina mwisho wake, umehesabiwa, na aliyeuhesabu si mimi. Mimi nikaongeza siku zangu mwenyewe. Asubuhi iliyofuata nilishuka ngazi mpaka mlangoni, nikalitazama duka la Haji pale mbele. Baba yako alikuwa akikaa kwenye baraza ya duka lile kila asubuhi, akisoma gazeti na kubishana. Baraza ilikuwapo, gazeti lilikuwapo, na mtu mwengine alikuwa analisoma. Nikarudi juu. Siku ya pili yake nilishuka nikaishia ngazi ya mwisho. Siku ya tatu sikushuka.

Halafu nikagundua kwamba naweza kuishi bila ya kushuka. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zinamsaidia mtu wa namna hiyo. Nilifunga kamba kwenye kikapu, nikakiteremsha dirishani, Haji akitia mkate wa boflo na maziwa, nami nikakivuta. Na kila kikapu kiliposhuka, Haji alipaza sauti ili watu wote wa barazani wamsikie. "Bi Salma, wewe ndiye mwanamke wa stara. Wengine udi wa kutoka eda haujapoa, wako Darajani wanachagua kanga."

Mwanangu, nilikuwa napenda kusikia vile. Nakwambia kweli. Nilikuwa ndani kwa sababu ya woga, watu wakauita woga wangu heshima, nami nikazichukua sifa zile nikajifunika nazo. Kama Haji angesema, "Bi Salma, una nini, mbona hushuki?" pengine ningeshuka. Au pengine ningefunga dirisha. Sijui. Simlaumu. Mtu akikusifu kwa kitu kinachokudhuru, wewe unayedhurika ndiye unayejua.

Na kwa kuwa mimi sikushuka, ulishuka wewe. Sokoni wewe, kulipia umeme wewe. Kwenye harusi za jamaa ulikwenda wewe na zawadi yangu, ukatoa udhuru wangu, ukarudi na sahani yangu ya biriani. Ukamaliza skuli. Wenzako wakaenda vyuoni, mmoja akaolewa Muscat. Wewe ukabaki, na kila nilipokuuliza ulisema, "Natafuta kazi, mama." Nilikufanya miguu yangu, Rukia, na miguu haina pa kwenda ila anapotaka mwenyewe.

Ile siku ya kiti unaikumbuka vizuri, lakini nataka uisikie kwangu. Nilikuwa na kiu isiyokatika, macho yananifanyia ukungu, na kidonda cha kidole cha mguu kilikuwa hakifungi. Ulinibembeleza wiki nzima twende kituo cha afya. Siku niliyokubali nilishuka ngazi nane, magoti yakakataa. Nikakaa pale pale. Kushuka siwezi, kurudi juu siwezi. Ukatoka mbio, ukarudi na Haji na wanaume wawili wa barazani na kiti cha plastiki. Wakaniteremsha juu ya kiti kama bibi harusi.

"Shika mguu wa nyuma, Haji! Bibi huyu si gunia la mchele!"

"Nshashika! Wewe angalia ngazi, usije ukatuua sote tukamuacha yeye mzima."

Nilicheka, kisha nikalia, kwa sababu wale ndio waliokuwa wakinisifu, na sasa walikuwa wananibeba.

Kituoni muuguzi alinipima, akaniangalia. Alikuwa msichana tu, pengine rika lako.

"Shikamoo mama. Unatembea?"

"Marahaba. Natembea."

"Wapi?"

"Ndani."

"Nyumba yako ina ukubwa gani, mama?"

 Akanieleza habari za sukari, akanipa dawa, akanionesha jinsi ya kukisafisha kidonda na viatu gani nivae. Akasema kikishafunga nianze kutembea kila siku, kidogo kidogo, mpaka nifike nusu saa. Nilitegemea sindano. Sikutegemea kuambiwa nikatembee kama mtoto anayetumwa dukani.

Kidonda kilipofunga, yaliyofuata unayajua, kwa sababu tulikuwa pamoja: wewe, mimi na Bi Mwanakombo, jirani yetu wa nyumba ya pili, yule mwenye raba nyekundu chini ya buibui. Alikuja baada ya sala ya Alfajiri akabisha mlango kama polisi.

"Salma! Shuka, bibi we! Nimevaa raba, nimevaa buibui, nimeacha chai jikoni. Usiponishukia leo nakupandia huko juu, na mimi nikipanda sishuki mpaka nipewe chakula cha mchana."

Siku ya mwanzo tuliishia kwenye kona, pale panapotokea harufu ya bandari. Ile ya pili kona na nusu. Nilikuwa natazama chini kwa haya, naona raba zangu mpya nyeupe zinachomoza kwenye buibui, naona kila dirisha linanitazama. Bi Mwanakombo akaniambia, "Wanaotazama wanatamani kushuka, shoga. Nyanyua kichwa." Ikachukua wiki tatu kufika Forodhani. Ikachukua miezi kufika Maisara, pale uwanjani, ambapo watu wazima kwa watoto wanafanya mazoezi na hakuna anayemuuliza mwenzake alikuwa wapi.

Nataka nikwambie nilichojifunza njiani, kwa sababu kazi unayokwenda kuifanya ni hiyo hiyo: kutembea na watu. Kwanza, nilidhani natembea kwa ajili ya sukari. Ni kweli, sukari ilishuka, na muuguzi yule alifurahi mpaka akamwita mwenzake aje aone kitabu changu. Lakini siku moja karibu na Vuga, bila ya sababu yoyote, nilianza kulia. Mimi sikulia vile siku ya mazishi. Nilisimama, na wewe ukasimama unishike. Bi Mwanakombo hakusimama hata kidogo. Akasema, "Lia huku unatembea, Salma. Ukisimama watu watauliza."

Nikalia kutoka Vuga mpaka Maisara. Tulipofika nilikuwa nimechoka kama niliyefua nguo za nyumba nzima, na usiku ule nililala. Kumbe ile huzuni nilikuwa nimeikalia kwa miaka miwili. Nilidhani naihifadhi. Sasa nikisikia habari za mgeni aliyetoka nchi ya mbali, amelipa nauli kubwa ili aje atembee kwa unyamavu wiki nzima huko kusini, simshangai tena. Zamani ningesema, huyu kwao hakuna barabara? Siku hizi nadhani kwao barabara zipo, ila hana Bi Mwanakombo.

Nimezunguka sana. Nakuja kwenye lile jambo.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya siku ya kiti, ulikwenda Kizimkazi kwa siku moja kujaribiwa. Bi Pili alikupa wageni sita uwaongoze kutoka kijijini, kupita mashambani, mpaka kwenye msikiti wa kale na kurudi kwa njia ya pwani. Njia zile unazijua tangu likizo ulizokuwa ukienda kwa bibi yako Makunduchi. Ulirudi umeungua uso kwa jua na umefurahi, ukala sahani mbili. Ukasema, "Atanipigia, mama. Kasema atanipigia."

Akapiga. Ilikuwa siku ya tatu. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni na simu yako uliiacha kwenye chaji juu ya kabati. Nikapokea.

"Assalaam alaykum. Naomba Rukia."

"Waalaykum salaam. Hayupo. Mimi mamake."

"Ah, Bi mkubwa, habari za huko? Mimi Pili wa Kizimkazi. Mwambie nafasi ni yake. Aje Jumamosi na nguo zake."

Nguo zako. Nilisikia neno hilo tu. Nikaona hii nyumba, nikaona ngazi, nikaona jioni na mimi peke yangu. Nikasema, "Rukia ameshapata kazi kwengine."

Akasema, "Basi, kheri inshaallah. Nilimtaka sana."

Nikafuta ile simu ionekane haikupigwa. Ulirudi na mchicha na samaki, ukaniuliza, "Kuna mtu kapiga?" Nikasema hakuna.

Wiki mbili ulikuwa ukiitazama simu ile. Ulikwenda nayo mpaka msalani. Mwisho ulikaa karibu yangu ukasema, "Mama, hawakunitaka." Na mimi, mama yako, nikakupapasa mgongo nikakwambia, "Huenda Mungu hakuiweka kheri yako huko, mwanangu." Nilimtia Mungu kwenye uongo wangu. Tangu siku ile hukuomba kazi nyengine yoyote. Nilikuona unavyopungua, nikajiambia unanipenda, ndiyo maana unabaki.

Kwa hiyo ndilo hili: Rukia, walikutaka. Walikutaka tangu mara ya kwanza. Hukukataliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Utauliza sasa imekuwaje Bi Pili akakupigia tena mwezi uliopita, nawe ukasema, "Labda yule waliyempata kawakimbia, ndiyo wananikumbuka." Haikuwa hivyo. Kabla ya simu hiyo, siku moja wewe uliumwa na kichwa ukabaki nyumbani, nikatembea na Bi Mwanakombo peke yetu. Tukiwa Maisara akaniuliza, "Hivi huyu mtoto kazi yake ni nini, Salma? Kukuangalia unavyofunga kamba za viatu?"

"Kazi hakupata."

"Hakupata, au hakupewa ruhusa?"

Alikuwa anatania. Mimi nikamjibu kweli, sijui kwa nini, nikamsimulia yote. Unamjua Bi Mwanakombo, yeye huzungumza kutoka hapa kwetu Malindi mpaka Maisara na kurudi bila ya kumeza mate. Siku ile hakusema neno moja njia nzima. Tulipofika mlangoni kwangu alisema tu, "Kesho sikupitii. Utakuja unipitie wewe, ukishafanya unalolijua." Akaingia kwake.

Namba ya Bi Pili uliiandika nyuma ya daftari lako la Kiingereza. Ukiwa umelala nilimpigia. Nikajitaja, nikamwambia, "Bi Pili, mwaka jana nilikudanganya. Mwanangu hakupata kazi. Nilimficha."

 "Karibu mwaka mzima, Bi Salma," akasema. "Nilitafuta mtu, nikapata wawili, wakashindwa. Unajua mwanao alifanya nini siku ile? Kulikuwa na bibi mmoja mgeni, magoti mabovu. Mwanao akawa anasimama kila baada ya hatua kadhaa, mara anaonesha mti, mara ndege, mara anafunga kamba ya kiatu. Bibi yule alifika mpaka mwisho akidhani ni yeye anayewasubiri wengine. Kitu hicho siwezi kumfundisha mtu."

Nilijua umekipata wapi. Umekipata kwenye ngazi zetu, ukinisubiri mimi. Hata kabla ya siku ya kiti, kila siku ulikuwa ukinisubiri nishuke, na hukunionesha.

Bi Pili akasema atakupigia. Lakini akaniwekea sharti. "Mimi siwezi kukaa na mtoto wa watu nyumba moja nikilijua jambo lake asilolijua mwenyewe. Na si kazi yangu kumwambia. Mwambie wewe, kabla hajafika." Nikasema sawa. Ni mwezi sasa, na leo ndiyo siku ya mwisho niliyo nayo.

Sikuombi unisamehe leo. Kusamehe kwa haraka nako kuna udanganyifu, na nyumba hii imeshaona uongo wa kutosha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nimeshajua kwamba hasira nayo hutembea na mtu, na hupungua njiani. Ninachokuomba ni chengine. Ukiisoma barua hii usiseme, "Basi siendi." Najua moyo wako. Unaweza kubaki ili kunionesha kwamba huna kinyongo, na unaweza kubaki kwa kinyongo. Usibaki kwa lolote katika hayo mawili.

Wiki iliyopita uliniambia, "Nikisikia tu huendi kutembea, narudi siku hiyo hiyo." Nakuomba uirudishe ahadi hiyo. Kweli ni kwamba sijui kesho kutwa itakuwaje. Huenda Bi Mwanakombo akabisha nami nikavuta shuka. Huenda nikakaa ndani siku mbili. Ikitokea, ni siku zangu mbili, na mimi ndiye nitakayezitoka. Sukari ni yangu, magoti ni yangu, na dawa nazijua rangi zake zote. Usimpigie Haji kumuuliza kama ameniona. Nipigie mimi, uniulize nimekula nini, nami nitakuuliza wewe umeona nini, kama wanavyozungumza watu wazima wawili.

Na huko kwa wageni, wakija na huzuni zao utazijua. Usiwaulize. Nenda nao mwendo wao. Anayesifiwa na wenzake kwa kukaza mwendo, mtazame miguu, huenda inavuja damu ndani ya viatu. Anayelia, usimsimamishe. Na wewe mwenyewe tafuta saa moja kwa siku ya kutembea bila ya kumwongoza mtu, bila ya kumsubiri mtu, kwa haraka unayoitaka wewe. Sijawahi kukuona ukitembea hivyo, Rukia. Nimefikiri sana leo, na kwa kweli sijui mwendo wako mwenyewe ukoje.

Nitakupa barua hii mkononi ukirudi, kisha nitakwenda kwa Bi Mwanakombo nikuache uisome. Kesho asubuhi, ukitaka, nitakusindikiza kwa miguu mpaka kwenye gari ya Kizimkazi. Ukitaka kwenda peke yako, nenda, sitakufuata.

Ukifika, Bi Pili atakuuliza kama mama yako amekwambia. Mjibu kweli, vyovyote utakavyojisikia, hata kama ni kwa maneno makali juu yangu. Usimwombe radhi kwa kuchelewa. Kisha muulize kesho yake wageni wanaanza kutembea saa ngapi.

Mimi mamako,
Salma